Mchoraji Mkongo kanidai laki tisa, akili mnemba imenichorea kwa laki mbili na sabini. Nimekosea wapi?

#1 Mwenye Gesti

Wakuu, heshima kwenu.

Nina gesti ya vyumba sita hapa Sinza, si mbali na kwa Remmy. Juzi nimepiga rangi upya, kuta zimebaki nyeupe kama wodi. Mama watoto akasema tuweke picha za pwani, kila chumba moja, mgeni akiamka ajue yuko Dar.

Nikaenda kwa jamaa mmoja mwenye kibanda Mwananyamala. Mkongo wa Lubumbashi, yuko mjini hapa mwaka wa kumi na moja. Nikamwambia nataka ngalawa, soko la samaki Feri, mama muuza vitumbua, vitu vya namna hiyo. Akanitajia laki na nusu kila moja, wiki tano, nusu ya hela mkononi kwanza. Laki tisa!

Mpwa wangu yuko chuo mwaka wa pili. Akasema, "Mjomba, hela yote hiyo ya nini?" Jioni ile ile, mpira haujafika hata mapumziko, akawa ameshazitoa picha zote sita kwenye simu kwa hiyo akili mnemba, yaani AI. Kesho yake Kariakoo, kuprinti kwenye kanvasi elfu thelathini kila moja, fremu elfu kumi na tano kila moja. Jumla laki mbili na sabini. Zinang'aa, wateja wanapigia selfi.

Sasa wiki iliyopita kalala mzee mmoja wa Kilwa aliyekuja kliniki Muhimbili. Asubuhi katoka chumba namba 2 na kikombe chake cha chai, akaniuliza mbele ya watu: "Mwenyeji, ile ngalawa nani kaifunga tengo, ule mti wa ubavuni wa kuizuia isipinduke, upande mmoja? Halafu tanga limevimba kuelekea kusini, bendera inapepea kaskazini. Wale wavuvi wameshakufa, wewe huna habari." Mapokezi yote wakacheka, na mpwa wangu akiwemo.

Nimezaliwa Temeke, mpwa kazaliwa Amana, hakuna aliyeona kosa. Swali langu: lina umuhimu? Mgeni anakuja kulala, hakuja kuvua. Au nilitakiwa nimpe Mkongo hela yake?

#2 Kiroboto Sugu

Ngoja waje wajuzi. Nimeweka kambi, karanga ninazo.

#3 Mla Kona

Umeokoa laki sita na thelathini. Ongezea kidogo ununue pampu ya maji, ndiyo wageni wa Sinza wanayoililia. Wengine wanaingia kwenye vyumba hivyo saa sita usiku na kutoka saa kumi alfajiri. Huyo ataangalia tengo saa ngapi?

#4 Mwanamaji Mstaafu

Mzee wa Kilwa kasema kweli. Ngalawa yetu ina matengo mawili, kulia na kushoto. Yenye tengo moja iko nchi nyingine huko, si pwani hii. Ukiitoa moja hapa na bahari ikachafuka kidogo, chombo kinalala ubavu kabla hujamaliza bismillahi.

Na la bendera asikudanganye mtu. Hata chombo kikibisha, upepo ni mmoja. Tanga na bendera haviwezi kugombana.

#5 Mwenye Gesti

#3, pampu ipo mkuu. Usiniharibie biashara.

#6 Binti Chang'ombe

Mimi ni shahidi upande wa Wakongo. Baba alipofariki hatukuwa na picha yake nzuri, ila ya kitambulisho, amenuna kama kadhulumiwa. Tukaipeleka kwa mchoraji mmoja Mkongo wa Ilala. Yule baba akakaa na mama yangu karibu saa nzima anamuuliza: alikuwa anacheka vipi? Anafunga mdomo au anaacha meno? Kofia anaivaa mbele au nyuma? Mama akawa analia na kucheka papo hapo.

Picha ilipokuja, pua haikufanana sana, nawaambieni ukweli. Lakini kofia ilikaa nyuma kidogo, imeinama kushoto, baba mtupu. Mama aliipa shikamoo.

Simu ya mpwa wako ilimuuliza nani chochote?

#7 Mla Kona

#6 pole dada. Ila pua ya marehemu imekosewa na mnalipa, tengo la ngalawa likikosewa mnacheka. Haki iko wapi?

#8 Fundi Fremu

Nipo kwenye fremu mwaka wa kumi na nane, picha zote za mji huu zinapita mikononi mwangu. Niwatoe ushamba kidogo.

Mnasifia "kazi ya mkono" kama vile kila mchoraji wa Dar anakaa chini ya mwembe anasubiri ndoto. Nenda maduka ya picha za watalii. Kuna simba yule yule, twiga yule yule, Mlima Kilimanjaro ule ule na Wamasai watatu mbele yake, kijana kauchora mara mia tatu bila kutazama. Asubuhi anapaka mandhari kwenye vipande kumi, mchana anaweka miili, jioni madoadoa. Hiyo ni mashine yenye mikono miwili, tofauti yake anakula chipsi.

Wachoraji wa mtindo wa Tingatinga wenyewe ndivyo wanavyofundishana, kijana anaanza kwa kumwiga mkubwa wake mpaka mkono uzoee. Ndiyo shule yao na imewalisha watu wengi. Siwasemi vibaya, nasema tusijifanye. AI imeiga, na wao wameiga.

#9 Mzee wa Gongo la Mboto

Fundi #8 umenena. Na huyo Tingatinga mwenyewe alikuwa mhamiaji kutoka Msumbiji. Sanaa yote kubwa ya mji huu imeletwa na wageni, sisi wa hapa tumeleta foleni tu.

#10 Mtu wa Tunduru

#9 babu, shikamoo, lakini hapo umeingia chaka. Edward Saidi Tingatinga kazaliwa 1932 Tunduru, Tanzania hii hii. Kijiji kinajulikana, ni pande za Nakapanya. Mama yake Mmakua. Wamakua wako pande zote mbili za Ruvuma, ndiyo maana watu wanachanganya.

Alitoka kwetu akaenda mashamba ya mkonge Tanga, ndipo akaingia Dar. Kafanya kazi za ndani kwa Mzungu, baadaye Muhimbili. Kuchora kaanza 1968 na 1972 akafa kwa risasi, polisi walidhani gari alilokuwemo ni la majambazi. Miaka minne tu ya kuchora. Na leo kitu kina jina lake dunia nzima.

#11 Mzee wa Gongo la Mboto

Marahaba mjukuu. Nimekubali Tunduru. Lakini mtu aliyetoka Tunduru kuja Dar enzi zile si mhamiaji? Barabara ya kusini ya zamani mnaijua nyie? Mvua zikianza, kufika Nairobi ilikuwa rahisi kuliko kufika Tunduru.

#12 Mchokonozi

Sasa mimi nitie chumvi. Ipo habari ya siku nyingi kwamba Tingatinga alipata wazo baada ya kuona picha za Wakongo zikiuzwa mitaani hapa Dar. Akasema hata mimi naweza. Akachukua hadibodi, akachukua rangi ya mafuta ile ya kupaka baiskeli, akaanza. Kama ni kweli, basi fahari yetu ya taifa ilianza kwa kumchungulia mgeni begani.

#13 Mtu wa Tunduru

Hiyo naijua, na ina wapinzani wake. Wapo watafiti wanaosema chimbuko ni michoro ya ukutani ya Wamakua. Kwetu nyumba ya udongo ilikuwa inachorwa wanyama na watu, na mama zetu ndio walioisiriba. Mtoto aliyekulia kwenye ukuta wa namna hiyo hahitaji Mkongo wa kumwonyesha ndege.

#14 Fundi Fremu

Wote mnasahau soko. Kwa nini picha za mwanzo ni futi mbili kwa mbili? Hadibodi nzima ni futi nne kwa nane. Ikate, unapata vipande nane kamili, hakuna kinachotupwa. Na kwa nini zikauzwa Morogoro Stores, Oysterbay? Wazungu walikuwa wanafanya manunuzi pale. Picha inatakiwa iingie kwenye sanduku la mtu anayerudi kwao. Wakongo, Wamakua, sawa, lakini msumeno na sanduku la Mzungu vimechangia zaidi.

#15 Mchokonozi

Hahaha, Fundi anataka kutuambia mwanzilishi wa Tingatinga ni muuza mbao.

#16 Kiroboto Sugu

Karanga zimeisha, naomba mtu alete kahawa.

#17 Bibi Afya

Samahani wanangu, mnemba si kile kisiwa cha kuzamia huko Unguja? Hii akili yake ikoje?

#18 Mwalimu wa Zamu

#17 shikamoo mama. Ndilo neno linalotumika siku hizi kwa hii teknolojia: akili mnemba. Wengine wanasema akili bandia, jirani zetu Kenya wanasema akili unde. Kisiwa kiko pale pale, hakijahama.

Turudi kwenye mada. Mmeitaja Tingatinga mkaiacha Makonde. Wachonga vinyago walitoka uwanda wa Msumbiji wakavuka Ruvuma kutafuta kazi za mkonge, wengine wakakimbia Mreno na kodi yake, baadaye vita ya ukombozi. Mtindo ule wa watu wamepandiana kama mnara, tunaouita ujamaa, anayetajwa kuuleta ni Roberto Yakobo Sangwani, mhamiaji kutoka Msumbiji aliyefika Dar miaka ya 50. Ule wa mashetani, macho kisogoni na tumbo limetobolewa, anatajwa Samaki Likankoa. Na mfanyabiashara aliyewanunulia na kuwahimiza ni Mohamed Peera, Mhindi mwenye duka mjini. Msumbiji, Mhindi na mpingo wa Lindi: ndani ya hao sijui mwenyeji wa Dar yuko wapi.

#19 Mla Kona

Mwenyeji wa Dar ndiye aliyekodisha chumba. Bila sisi wangechonga wapi?

#20 Mzaramo Halisi

#19 na #18 mjiheshimu. Mwenyeji wa Dar ni Mzaramo, na Mzaramo alikuwa anachonga mwanahiti, kile kinyago cha mwali, kabla hata hilo duka la Mhindi halijajengwa. Ila hatukuuza, ndiyo kosa letu.

#21 Mwalimu wa Zamu

#20 umenisahihisha, nakubali. Mwanahiti nilimsahau na ni aibu kwa mtu anayejiita mwalimu.

#22 Dj Kizamani

Mnazungumza picha na miti, muziki je? Nani kaufanya mji huu ukeshe? Bendi ya Maquis, walitoka Kamina huko Katanga wakaja kuweka makazi Ubungo, White House. Kamanyola bila jasho! Ndala Kasheba na gitaa lake la nyuzi 12. King Kikii, mtoto wa Lubumbashi, tumemzika Novemba 2024 na nusu ya Dar ilikuwa msibani. Remmy Ongala kazaliwa Kindu, kaitwa na mjomba wake Mzee Makassy mwaka 1978, kafika kwa ajili ya bendi, hakuondoka mpaka kifo Desemba 2010. Na mleta uzi gesti yako iko "si mbali na kwa Remmy". Mkongo kawa kituo cha daladala! Mzawa gani wa Sinza kapewa kituo?

#23 Mwenye Gesti

#22 umenipiga mahali pabaya. Nalitaja jina hilo mara ishirini kwa siku kumwelekeza bodaboda, sijawahi kulifikiria.

#24 Kaka wa Shughuli

DJ, nakuheshimu, ila nikupe kisa. Mwezi wa sita tumemwozesha dada yetu Tabata. Bajeti ya bendi hakuna. Mdogo wangu akatengeneza nyimbo kwa AI, rumba la Kikongo, solo linalia, sauti nzito, jina la bibi harusi na la ukoo mzima limo ndani. Shilingi sifuri.

Ulipopigwa, shangazi zangu wameinuka kama wamechomwa sindano. Mama mkwe kacheza mpaka kilemba kikadondoka kwenye sahani ya pilau. Hakuna aliyeuliza nani kapiga solo. Wiki ya pili shangazi mmoja bado ananisumbua nimtumie "ule wa Maquis".

Kwa hiyo hii thamani ya mkono wa mtu, ipo kwenye kazi au ipo kwenye habari tunayoambiwa kuhusu kazi?

#25 Dj Kizamani

#24 umenikata maini. Shangazi yako asiambiwe.

#26 Binti Chang'ombe

#24, shangazi kacheza kwa sababu masikio yake yana Maquis tangu akiwa msichana. Hiyo AI imekula chakula kilichopikwa na wengine. Wangekuwa hawakuja kina Kasheba, ingeiga nini? Ingekupigia muziki wa lifti.

#27 Kaka wa Shughuli

Sawa dada, lakini hata hao Wakongo walisikiliza santuri za Kuba kabla ya kutupigia sisi. Kila mtu kala kwa mwenzake.

#28 Wakili wa Mtaani

Nimechelewa, nilikuwa mahakamani. Mambo mawili ya sheria maana naona mnaogelea.

Moja. Hiyo picha ya ngalawa ya tengo moja ni ya nani? Kwa Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, mtunzi ni mtu aliyeiumba kazi, mtu halisi, siyo chombo. Marekani kuna bwana anaitwa Stephen Thaler alitaka mashine yake iandikwe kuwa mtunzi wa picha, mahakama ya rufaa kule Washington ikamkatalia Machi 2025. Huko huko kuna nyani aliyejipiga picha na kamera ya mtu, kesi ikafika rufaa, naye akakosa. Kwa hiyo mleta uzi, jirani yako akiipiga picha ngalawa yako akaiprinti kwenye gesti yake, sijui utamshtaki kwa lipi.

Mbili. Hakimiliki kwetu inadumu uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kufa. Tingatinga kafa 1972. Piga hesabu: mwisho wa 2022 imekwisha. Na hata kabla ya hapo, mtindo haulindwi, inalindwa kazi yenyewe. Ukichora twiga wa madoadoa ya namna ile hujaiba kitu mbele ya sheria. Kama umeiba mbele ya Mungu, hilo waulizeni masheikh na wachungaji.

#29 Mchokonozi

Wakili, na ile picha ya mashine iliyouzwa kwenye mnada wa Christie's New York 2018 kwa dola 432,500? Imeprintiwa kwenye kanvasi kama ya mleta uzi, pembeni badala ya saini wameweka kanuni ya hesabu. Mleta uzi weka kanuni yoyote pale pembeni, hata ya eneo la duara, uiuze ufunge gesti.

#30 Wakili wa Mtaani

Wenye mashine walikuwa vijana watatu wa Ufaransa na ndio waliolipwa. Mashine haikupata hata nauli. Ukilitazama vizuri, wateja walinunua kiroja cha kwanza cha aina yake. Cha elfu kumi hakiuziki bei hiyo.

#31 Raia Mwema

Mnazunguka. Huyo Mkongo wa Mwananyamala ana kibali? Kuna amri ya Julai 2025 inayokataza wageni baadhi ya biashara ndogo, na maduka ya vinyago na vitu vya kumbukumbu yamo. Vijana wetu wa Kitanzania wanachora vizuri tu. Mngempa mzawa kazi, AI isingeingia.

#32 Mwenye Gesti

Ana karatasi zake, mke wake wa Ilala, watoto watatu wanasoma shule ya msingi hapa hapa. Na yeye haendeshi duka, anachora kwa oda. Ila nimekusikia.

#33 Mwalimu wa Zamu

#31, mwaka 2021 mwandishi Abdulrazak Gurnah alipopata Nobel ya fasihi, jukwaa zima liligombania uraia wake. Kaondoka Zanzibar kijana, kaishi Uingereza miaka zaidi ya hamsini, kaandika kwa Kiingereza, lakini siku ile kila mtu alisema ni wetu. Mchoraji Lubaina Himid vilevile, kazaliwa Zanzibar 1954, kachukuliwa mchanga kwenda Uingereza, 2017 kachukua tuzo ya sanaa ya Turner, tukapiga vigelegele. Mhamiaji wetu akishinda huko ni Mtanzania. Mhamiaji wao akija hapa tunaomba karatasi.

#34 Raia Mwema

Gurnah hakukaa kibandani Mwananyamala bila leseni. Usichanganye.

#35 Mchokonozi

Na aliingia Uingereza akiwa na karatasi zilizonyooka? Soma alivyojieleza mwenyewe kuhusu kuondoka kwake, urudi.

#36 Lushois wa Kinondoni

Bandugu, minasoma hii uzi tangu asubuhi, nacheka sana. Nitaandika Kiswahili chenu, msije mkanicheka.

Mimi pia natoka Lubumbashi, sichori, nauza vitenge. Kwetu kuchora picha za kuuza kwa watu wa kawaida ni jambo la zamani. Kila nyumba ya mfanyakazi wa mgodi ilikuwa na picha sebuleni: mamba muntu, yule mwanamke nusu samaki, au askari wa Mbelgiji anampiga mtu viboko. Wengi wamechora juu ya magunia ya unga yaliyopakwa rangi. Tshibumba Kanda-Matulu, mwaka 1973 na 1974, alichora picha 101 za historia ya nchi yote kwa ajili ya profesa mmoja, Johannes Fabian, na akamweleza kila picha kwa Kiswahili. Baadaye akapotea, miaka ya mwanzo ya 80, hakuna anayejua aliishia wapi.

Sasa nawauliza: ile picha ya viboko ilikuwa inarudiwa mara elfu. Fundi Fremu angeiita mashine. Lakini mtu aliyeinunua alikuwa na baba aliyechapwa. Na mtu aliyeichora pia.

Huyo mchoraji wenu nadhani namfahamu, sitamtaja. Muulizeni alijifunza wapi bahari. Kwetu hakuna bahari.

#37 Fundi Fremu

#36 karibu sana ndugu. Kiswahili chako kinaeleweka kuliko cha Mla Kona.

Ila hoja yangu bado naishika. Kama thamani iko kwa baba aliyechapwa, basi mleta uzi hana cha kutafuta, wageni wake hawakuchapwa na ngalawa.

#38 Mwanamaji Mstaafu

#37, wapo waliochapwa na ngalawa. Mimi mmoja. Mwaka nilipopinduka karibu na Mbudya nililishika tengo hilo hilo usiku kucha. Ndiyo maana nikiona picha haina, mwili unasisimka. Wewe unaona mbao.

#39 Fundi Fremu

Hilo sina jibu lake.

#40 Mla Kona

Leo Fundi kakosa jibu! Wakuu, tuandike tarehe.

#41 Dada wa Nyumba ya Sanaa

Nimefanya kazi jirani na Nyumba ya Sanaa miaka ile, kabla jengo halijavunjwa. George Lilanga alianzia pale akiwa mlinzi. Mlinzi! Usiku analinda, mchana anachonga na kuchora, baadaye Ulaya wakawa wanampigania. Miaka yake ya mwisho kisukari kilimkata miguu, vijana wa karakana yake wakawa wanamsaidia kupaka rangi. Kafariki 2005. Mpaka leo watu wanabishana picha ipi ni ya mkono wake na ipi ni ya vijana. Wanaolipa hela nyingi wanalipia mkono, na mkono wenyewe haujulikani uliishia wapi kwenye kanvasi. Kwa hiyo hili la "nani kaifanya" lilitusumbua kabla ya hizo simu zenu.

#42 Binti Chang'ombe

#41 asante dada. Ila vijana wale walikaa naye, alikuwa anawafokea. Ndiyo tofauti ninayoiona mimi.

#43 Mwenye Gesti

Wakuu, mrejesho.

Jana nimekwenda Mwananyamala na kapu la machungwa, maana niliondoka vibaya. Nikamwonyesha picha ya ngalawa kwenye simu. Kaitazama, kacheka kidogo, akasema, "Huyu alitaka kwenda Mafia, atafika Ushelisheli."

Nikamuuliza kama alivyosema Lushois: bahari ulijifunza wapi? Akatoa daftari. Mwaka wa kwanza alipofika Dar alikuwa anachora picha za Lubumbashi, hazinunuliwi. Akaanza kuchora ngalawa, mteja wa kwanza, mvuvi wa Kunduchi, akamrushia picha yake usoni. Basi kaenda Kunduchi, kakaa siku tatu ufukweni, kafukuzwa kama mara mbili, siku ya tatu wakamchukua baharini. Katapika njia nzima. Daftari limejaa vifundo vya kamba: tengo linafungwaje, foromali inakaa wapi kwenye mlingoti, na majina yake pembeni kayaandika kwa herufi za Kifaransa. Mimi wa Temeke nimesoma maneno sita sikuyajua.

Sasa sikilizeni. Wakati nageuza kurasa, kijana wake wa kazi akaleta simu, "Boss, hii imekubali." Kutazama: AI! Wanatoa mpangilio wa soko la Feri kwenye simu kwanza, rangi ziende wapi, watu wakae wapi, halafu mzee anachora kwa mkono.

Nikamwambia, mbona na wewe? Akanijibu, "Kwani mimi sina haraka?"

#44 Mchokonozi

WEWEEE! Uzi umepinduka kama ngalawa ya namba 2.

#45 Mla Kona

Laki na nusu na bado anachorewa na simu. Nilisema mimi.

#46 Mwanamaji Mstaafu

#45, simu imempa mahali pa kuwaweka watu. Kamba kafunga yeye. Mimi kwa hilo simlaumu.

#47 Raia Mwema

Bei ishuke basi. Kazi nusu, hela nusu.

#48 Binti Chang'ombe

Mimi nimesononeka kidogo, nakiri. Sijui kwa nini. Yule wa Ilala aliyemchora baba naye angekuwa anatumia, sijui ningejisikiaje. Labda nisingejua.

#49 Lushois wa Kinondoni

Katika hayo yote mimi nimeshika kutapika. Hiyo simu haitaweza.

#50 Mwalimu wa Zamu

Mleta uzi, mmeishia wapi? Umempa kazi?

#51 Mwenye Gesti

Nimempa picha mbili, ngalawa na mama wa vitumbua. Bei imepanda, laki na themanini. Nilipolalamika akasema ya mwezi ule ilikuwa ya mteja ambaye hajamkimbia. Nyingine nne zinabaki hizi hizi za simu, hali ni ngumu wakuu.

Tatizo jipya. Leo asubuhi kuna mgeni, mwalimu wa sekondari kutoka Dodoma, kalala chumba namba 2, anataka kuinunua ile ya tengo moja. Nimemweleza kosa lake lote, bendera na tanga, wavuvi wameshakufa. Ndiyo kwanza akaipenda zaidi, anasema ataitundika darasani wanafunzi watafute kosa. Kaniuliza bei.

Nimtajie ngapi?

#52 Mla Kona

Laki na nusu. Nusu mkononi kwanza.

#53 Fundi Fremu

Kama anaichukua, fremu airudishe kwangu niibane pembe. Zile za Kariakoo zinaachia kwenye basi.